Mzee Ahamiaye Aingie Chama Gani?

Mtu akiisha kufanya kazi miaka thelathini au arobaini, siku moja huambiwa: "Mzee, kazi yako imekwisha. Nenda ukapumzike." Hurudisha funguo, huaga wenzake, hupokea fedha zake za mwisho kama zipo, na kesho yake huamka saa ile ile ya kazi, asijue aende wapi. Wengi hawawezi kukaa pale walipokuwa. Nyumba ilikuwa ya kazi, maisha ya mjini yana gharama, watoto wametawanyika. Basi huhama. Na mtu ahamapo uzeeni hukutana na swali ambalo kijana halijui sana: Huko niendako nitakuwa mtu wa nani? Niingie chama gani, nilipe nini, na kwa faida gani?

Wako watakaoliona swali hili kuwa dogo. Sisi hatulioni dogo. Mzee anaweza kuwa na ugali, na blanketi, na nyumba ya mabati, na bado akazikwa na watu wasiojua jina lake. Kwa hiyo twataka kulichungua polepole pamoja nanyi, wasomaji wetu.

Mgeni aliyezaliwa pale pale

Tumfikirie mzee mmoja. Hatumpi jina, kwa kuwa walio kama yeye ni wengi. Baba yake alifika Bendera katika miaka ya 1950, wakati ilipojengwa mitambo ya umeme kwenye mto Kyimbi ili kuupa nguvu mji wa Kalemie, ambao siku zile uliitwa Albertville. Bendera iko kaskazini ya Kalemie, katika njia iendayo Fizi na Uvira. Mzee wetu alizaliwa huko. Alikuwa mtoto mdogo mwezi wa Juni 1965, waasi waliposaidiwa na Wakuba wa Che Guevara kuishambulia Bendera wasiweze kuiteka. Watu wengi walikimbia, na wazazi wake wakamchukua Kalemie. Alikulia kando ya Ziwa Tanganyika, akapata kazi ya reli, akaoa, akazaa. Sasa amestaafu, naye amerudi Bendera na mke wake, kujenga nyumba na kulima muhogo.

Yeye anasema, "Nimerudi kwetu." Lakini watu wamtazama kama mgeni, wala hawakosei. Hawa waliobaki, au waliokimbia na kurudi mara nyingi, wana mambo yao. Katika vita vya 1996 na vya 1998, na katika machafuko yaliyofuata, walijificha pamoja, wakabebeana watoto, wakazika wafu wao usiku. Hicho ndicho kiingilio chao. Mzee wetu hakukilipa, maana alikuwa na taabu zake mahali pengine.

Hata hivyo wampokea vizuri. "Karibu, Baba. Karibu, Mama." Na juma halijaisha, vyama vimekwisha kupiga hodi. Wa kwanza ni watu wa likelemba: kila mmoja hutoa kiasi kimoja kila mwezi, na kwa zamu mmoja huzipokea zote. Wa pili ni chama cha kusaidiana katika matanga, chenye kiingilio na mchango wa kila mwezi. Wa tatu ni vijana wa timu ya mpira, watafutao "baba wa timu", yaani mtu wa kununua mpira na jezi. Tena chini ya mwembe wako wazee wachezao bao kila alasiri. Hao hawakuja kumwomba kitu. Walisogea tu kidogo kwenye benchi.

Mzee ana fedha chache zilizobaki baada ya kununua mabati. Achague nini?

Swali hilo hilo ng'ambo

Tusidhani kwamba swali hili ni la maskini tu. Huko Marekani, katika jimbo la Arizona, tarehe 1 Januari 1960 ulifunguliwa mji unaoitwa Sun City. Uliujengwa na mjenzi Del Webb mahali palipokuwa mashamba ya pamba, uwe mji wa watu waliokwisha maliza kazi. Katika siku za kwanza walifika watu kama 100,000 kuutazama. Walionyeshwa nyumba za mfano, maduka, bwawa la kuogelea, na uwanja wa gofu. Tangu hapo miji ya namna hii imekuwa mingi. Mmoja mkubwa sana uko Florida, nao huitwa The Villages, na viwanja vyake vya gofu vyapita 50.

Huenda baadhi yenu hamjauona mchezo huo. Bendera hatuna uwanja wake. Wachezaji hupiga mpira mdogo mgumu kwa fimbo, huufuata kwa miguu au kwa kigari, na kuuingiza katika shimo moja baada ya jingine, mpaka mashimo 18. Ni mchezo ambao mtu wa miaka 70 aweza kuucheza bila aibu, na kwa sababu hiyo wazee huupenda.

Basi mstaafu wa kule ahamiapo katika mji wa namna hiyo, hukutana na swali la mzee wetu wa Bendera. Ajiunge na klabu yenye kiingilio kikubwa na ada ya kila mwaka? Au alipe kila siku achezapo, kama mpita njia? Au aingie kwa uanachama mdogo, wa kula na kuogelea na kuongea, bila kucheza? Mahali pengine ada ya kila mwezi ya mkaaji imekwisha kulipia viwanja vifupi vya mashimo 9, na vile vikubwa hulipiwa mbali. Wazee hukaa mezani na karatasi na kalamu, wakipiga hesabu.

Hesabu ni njema, lakini haitoshi

Kupiga hesabu si dhambi. Ni wajibu. Tuweke mfano: ada ya mwaka iwe dola 3,000, na mtu asiye mwanachama alipe dola 60 kwa kila mchezo. Gawanya: ni michezo 50. Akicheza zaidi ya mara 50 kwa mwaka, ada imemfaa. Akicheza pungufu, afadhali alipe siku kwa siku. Mwenye busara huongeza mambo mengine: Goti langu litanichukua miaka mingapi? Nikiugua, klabu itanirudishia kiingilio? Nikifa, mke wangu atabaki na haki gani na deni gani?

Na mzee wa Bendera apige hesabu vile vile. Likelemba ina jambo ambalo wengi hawalifikiri. Apokeaye zamu ya kwanza amekopa. Apokeaye zamu ya mwisho amekopesha. Mzee akipokea mapema kisha akafa, anamwachia mjane deni la miezi yote iliyobaki. Kwa hiyo mzee mwadilifu aombe zamu ya nyuma, au asiingie. Na chama cha matanga mara nyingi huweka muda wa kungoja kabla mwanachama mpya hajapata msaada. Aulize mapema, asije akasababisha ugomvi siku ya kilio.

Lakini tazama udhaifu wa hesabu hizi. Zinajua kupima mtu atapata mara ngapi kile alichonunua. Haziwezi kupima amekuwa nani kwa wenzake. Mtu aweza kucheza mara 80 kwa mwaka, akashinda hesabu yake, na siku asipofika asiwepo hata mmoja wa kuuliza: "Yule mzee yuko wapi leo?" Huyo amepata mchezo kwa bei nafuu, na hicho tu ndicho alichopata.

Je, mchezo wafaa mzee?

Kabla ya kuendelea, tumjibu mwenye kusema: "Mambo ya michezo ni upuuzi. Mzee ajitayarishe kufa." Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, hakufikiri hivyo. Alifundisha kwamba uko uadilifu hata katika michezo. Akasimulia habari ya Mtume Yohane, ambaye watu walichukizwa kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane alimwambia mmoja mwenye upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Akamwuliza kama aweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yohane akasema kwamba ndivyo ilivyo roho ya mtu isipolegezwa kamwe.

Mzee ni upinde uliovutwa muda mrefu. Gofu ya Arizona na bao la Bendera ni mambo mema. Hatuulizi kama acheze. Twauliza acheze na nani, na kwa moyo gani.

Makosa mawili

Mzee ahamiaye aweza kukosa kwa njia mbili.

Kosa la kwanza ni la majivuno. Jana alikuwa mkubwa wa kazi. Watu walisimama alipoingia. Leo hakuna asimamaye. Moyo wake unauma, naye hutafuta kununua tena kile kiti. Huko ng'ambo hulipa kiingilio cha klabu kubwa kuliko mfuko wake, apate jina lake ubaoni. Hapa kwetu hukubali kuwa baba wa timu, mfadhili wa kwaya na rais wa heshima wa vyama vitatu, zote katika mwezi mmoja. Fedha zikiisha, na cheo huisha. Vijana hawakumpenda yeye, walipenda jezi. Wala wasilaumiwe peke yao, maana ndivyo alivyojitambulisha kwao.

Hatari ya majivuno hayo twaijua hata katika historia ya vilabu vyenyewe. Huko Nairobi klabu ya gofu ilianzishwa mwaka 1906. Chini ya utawala wa kikoloni vilabu vya Wazungu vya namna hiyo vilikuwa na mlango uliofungwa kwa rangi. Mwafrika aliingia kubeba mfuko wa fimbo, si kuwa mwanachama. Chama ambacho utamu wake ni kuwaona wengine wakiwa nje ya ua kimekwisha kuoza ndani, hata majani yake yawe mazuri namna gani. Na sisi tusijidai. Viko vyama vyetu vya kabila au vya wenye mshahara vyenye ua huo huo, ila hauonekani kwa macho.

Kosa la pili ni la ubahili. Mzee husema: "Miaka yangu imebaki michache. Nilipie nini? Nitakaa kwangu, na mke wangu, na redio yangu." Kosa hili lina sura ya unyenyekevu na busara, na kwa hiyo ni gumu kulitambua. Lakini ndani yake mna neno la kiburi: "Sihitaji mtu." Tena mna neno la udhalimu, maana huyo mzee atahitaji watu siku moja, hata asipotaka. Mtu hajizishi mwenyewe. Jirani ambao hakuwachangia hata saa moja watachimba kaburi lake, na mjane wake atabaki katikati yao kama aliyeshuka jana kwenye lori.

Siku ya tatu

Wazee wetu walituachia methali: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Wengi huitumia kumfukuza mgeni mvivu. Lakini itazameni tena. Jembe si adhabu. Mtu unayempa jembe humhesabu tena kuwa mgeni. Umemwonyesha shamba, umemwamini na chombo chako, umemwambia kwamba palizi ya leo haitakwisha bila yeye. Mgeni hula vizuri kuliko wenyeji, na asubuhi huenda zake, na hakuna pengo. Mwenyeji akikosekana, mstari wake shambani wabaki na majani.

Hapo ndipo twapata jibu letu. Mzee asichague chama kwa kuuliza tu, "Kitanipa nini?" Aulize: "Je, humu watanipa jembe? Na nisipofika, mstari wangu utaonekana?" Chama kimpacho mtu kiti bila kazi kimemfanya mgeni wa kulipa. Chama kimpacho kazi inayolingana na nguvu zake kimemfanya ndugu.

Twamsikia mzee mmoja akituambia: "Baba zangu, nimelima miaka arobaini. Hata sasa mwanipa jembe?" Ana haki ya kuuliza. Jibu letu ni kwamba majembe yana mipini mirefu na mifupi. Aliyekuwa karani wa reli aweza kushika daftari la chama cha matanga, nalo daftari safi huzuia magomvi mengi. Mwingine aweza kukaa na wagonjwa, kwa kuwa ana muda ambao vijana hawana. Mwingine aweza kumfundisha mtoto bao, na katika bao hesabu, na katika hesabu subira. Na katika miji ile ya Marekani, mzee aweza kumchukua ndani ya kigari chake mwenzake asiyeona tena vizuri, amwambie mpira umeangukia wapi. Hilo nalo ni jembe.

Mama naye aulizwe

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanaume husahau. Fedha za mwisho wa kazi si za mume peke yake. Mama alipika kabla ya filimbi ya asubuhi miaka yote ile. Mara nyingi mume huchagua mahali pa kuhamia kwa sababu ni kwao, na huchagua chama kwa sababu chamfurahisha, kisha yeye hutangulia kufa. Anayebaki ni mke, katika nchi isiyo ya jamaa zake. Kwa hiyo kila kiingilio kipimwe kwa swali hili: Siku nisipokuwapo, watu hawa watakuwa nani kwake? Kama mke hawajui, au hawezi kuingia kwao, au haki zote zinakufa pamoja na mume, basi chama hicho ni anasa ya mtu mmoja, hata kiwe cha bei ndogo.

Mashauri machache

Kwanza, usikimbilie kulipa. Kaa miezi michache kama mgeni mwema. Hudhuria, salimu, sikiliza. Ng'ambo wacheze kwanza kwa kulipa siku kwa siku. Hapa keti kwanza chini ya mwembe.

Pili, mtazame mwanachama aliye wa mwisho, yule maskini au mgonjwa. Anavyotendewa yeye leo ndivyo utakavyotendewa wewe nguvu zikiisha.

Tatu, uliza kanuni za kutoka kama ulivyouliza za kuingia. Chama cha haki hakioni haya kuzieleza.

Nne, chagua kimoja au viwili, ukavitumikie. Aliye katika vyama sita hana hata kimoja.

Na kwenu wenyeji twasema pia neno. Msiwe wepesi kuuona mfuko wa mzee anayerudi, na wazito kumwona mwenyewe. Wako waliostaafu ambao pensheni zao huchelewa, au hazifiki kabisa. Huyo hawezi kulipa kiingilio. Mkimfungia mlango kwa sababu hiyo, mmefanya chama chenu kuwa duka. Mwambieni alipe kwa kushika daftari, au kwa kuchunga ufunguo wa ukumbi. Mtu hudhalilika apewapo bure kila siku. Hadhaliliki apewapo kazi aiwezayo.

Turudi kwa mzee wetu. Afanyeje? Sisi twamshauri hivi: wale vijana wa mpira awape mpira mmoja, na akae kutazama mchezo wao, lakini ubaba wa timu aukatae kwa upole. Likelemba aiache, au aombe zamu ya mwisho. Chama cha matanga akiingie pamoja na mke wake, majina yote mawili yaandikwe, na siku ya kwanza ya kilio awahi, ingawa marehemu hamjui. Atakuta watu wanachimba. Mikono yake haina tena nguvu za kuchimba kwa muda mrefu, lakini atachota udongo mara tano au sita, kisha kijana mmoja atampokea jembe. Na alasiri aende chini ya mwembe. Benchi limekwisha kusogezewa nafasi, nayo nafasi hiyo haina ada. Yataka tu kwamba asipofika, atume mtu kusema kwa nini.